Picha Kando ya Mashine

Mheshimiwa Mkuu wa Chuo, waheshimiwa wahadhiri, ndugu wageni waalikwa, wazazi wenzangu, na ninyi wanangu mliovaa majoho: shikamooni wakubwa, hamjambo wadogo.

Nimeombwa nitoe shukrani kwa niaba ya wazazi. Nilikuja na maneno matamu, lakini leo nitayaweka kando, mtanivumilia.

Kijana wangu wa kwanza alihitimu hapa, fani ya maabara. Nyumbani tulimwita Daktari tangu akiwa mtoto wa kamasi. Sebuleni kwangu ipo picha yake: koti jeupe, meno yote nje, amesimama kando ya mashine ya kupima damu. Picha hiyo kila mhitimu wa maabara anayo. Mashine hufunuliwa siku ya picha na siku wakaguzi wanapokuja, kisha hurudishiwa kitambaa chake, isije ikaharibika. Masomo ya mashine hiyo hufundishwa ubaoni, na mwanangu aliweza kuichora hata akiwa amefumba macho.

Akapata kazi hospitali. Wiki ya kwanza tu, ililetwa chupa ya damu ya mama aliyetoka kujifungua, ikakaa mezani, damu nzito ikatuama chini. Chupa ile hutikiswa taratibu kabla ya kupimwa, lakini ubaoni hakuna chupa ya kutikisa, na mwanangu akaipima bila kuitikisa. Mashine ikanyonya ile nzito ya chini, ikasema damu inatosha. Mama yule hakuongezewa damu, na hakuamka.

Niambieni, wakuu wangu, nimlaumu nani? Mwanangu mlimpa alama za juu kabisa kwa mashine ambayo hajawahi kuigusa. Sasa hatoki chumbani. Nikimwambia, "Baba, njoo ule," ananijibu, "Mama, yule mtoto ananyonya kwa nani?" Chakula namwachia mlangoni.

Mdogo wake, binti yangu, ni yule pale, safu ya pili, fani ileile. Jumatatu anaanza kazi. Jana nilimuuliza kuhusu mashine, akainamisha kichwa.

Basi, wanangu wa maabara, hebu simameni. Aliyewahi kuiwasha mashine ile, yeye mwenyewe, anyooshe mkono. Msiwatazame walimu, nitazameni mimi.

Haya, kaeni, wanangu. Hamna kosa.

Ndugu wageni, mmeona wenyewe: hakuna mkono hata mmoja. Nawashukuru kwa kunivumilia hadi mwisho. Jumatatu binti yangu hatakwenda hospitali. Nitamleta hapa, aiwashe mashine ile kwa mkono wake.