Jigso ya Kijiji na Jina la Simioni Werema

Ndugu mwenyekiti wa kijiji, ndugu katibu wa tawi, katekista wetu, wazee wangu shikamooni, akina mama na ndugu wote mliofika, mimi ni Nikolaus Werema, mdogo wake marehemu wa tumbo moja, ukoo umeniteua nisome historia yake, na kabla sijaanza naomba mnivumilie nikisoma polepole, naogopa, na sababu ya woga huo mtaisikia nikifika huko.

Marehemu Simioni Werema alizaliwa tarehe 14 Machi 1938 huko Natta, mtoto wa pili wa mzee wetu Werema Waitara na mama yetu Gati. Alisoma shule ya misheni kuanzia mwaka 1949 hadi alipomaliza darasa la nne mwaka 1952, akajulikana kwa hati nzuri na kwa uoga, maana alikuwa mtoto asiyevuka mto kabla hajauchokonoa kwa fimbo, hata wenzake wakampa jina la Kunguru, naye mama akawajibu kwamba kunguru mwoga hukimbiza mbawa zake, na kwamba hao mashujaa atawasifu wakishazeeka.

Mwaka 1954 alikwenda Tarime mjini kujifunza useremala kwa Mzee Maftah, fundi mwenye asili ya pwani, ambaye tunamshukuru Mungu tunaye hapa leo, akakaa naye miaka sita, na mzee huyu alimpenda kwa uoga uleule, akisema fundi asiyeuogopa msumeno hafiki uzeeni na vidole kumi. Tarehe 12 Agosti 1961 alifunga ndoa takatifu na shemeji yetu Veronika, wakajaliwa watoto watatu, Agustina, Selestine na Waitara, wote wako hai, na hakuna hata mmoja aliyewahi kulala kwenye kitanda kilichotengenezwa na mtu mwingine.

Mwaka 1974 tulihamia wote katika kijiji hiki wakati wa Operesheni Vijiji, marehemu akaanza kupakia randa na patasi kwenye mkokoteni ndipo akakumbuka sufuria, jambo ambalo shemeji hajalisahau. Hapa alichaguliwa kuongoza kikundi cha useremala cha kijiji, mimi nikiwa katibu wake, na mwaka 1976 halmashauri ya kijiji iliamua tununue jigso, ule msumeno mdogo wa umeme wenye bledi nyembamba inayopanda na kushuka, unaokata mapindo ambayo msumeno wa mkono hauyawezi, ili uendeshwe kwa jenereta ya mashine ya kusaga na tutengeneze madawati ya shule na milango ya zahanati.

Jumanne tarehe 12 Oktoba 1976, mpaka wa Kenya ukiwa bado haujafungwa, mimi na marehemu tulivuka Sirari kwenda Migori, tukiwa na kibali cha kijiji chenye muhuri na sahihi yangu kama katibu. Mwenye duka alitutolea jigso mbili, mimi nikaipenda ile kubwa inayong'aa, marehemu akaisukuma pembeni, akaiweka ndogo juu ya kioo cha kaunta kuona kama kitako chake kinalala sawasawa, akakishika kile kifimbo kinachobeba bledi na kukitikisa kushoto na kulia, kwa kuwa kikicheza hata kidogo mkato unakwenda upande, kisha akaomba iwashwe akate kipande cha mbao, na mwenye duka akawa amechoka kabisa na watu wa Tanzania. Kwenye bledi ndiko alikokaa zaidi, akiniambia kwamba jigso ni mpini tu na bledi ndilo jembe, akachagua pana zenye meno makubwa kwa mninga mnene, na nyembamba zenye meno madogo kwa mapindo na plaiwudi, akazikataa za kukatia chuma ambazo tuliongezewa bure, kwa sababu zinaunguza mbao badala ya kuikata, na njiani kote akanifundisha kwamba meno ya bledi huangalia juu, kwa hiyo ubao hulazwa uso wake mzuri ukiangalia chini usije ukachanika. Madawati wanayokalia watoto wetu yamekatwa hivyo, pitisheni mkono pale kwenye mapindo ya mgongo, hamtachomwa na kibanzi.

Sasa nafika mahali ninapopaogopa, na ndugu zangu wa ukoo wanajua kwamba karatasi waliyonipa inasema marehemu aliumia akitafuta mbuzi, naomba radhi, sitasoma hivyo.

Mwezi wa nne mwaka huu zilikuja habari kwamba walanguzi wanasakwa nyumba kwa nyumba, na sote tunajua hofu iliyoingia hapa, watu walitupa mtoni sabuni na vitenge vilivyovuka mpaka, mwenzetu mmoja akafukia hata baiskeli aliyoinunua Musoma, na marehemu akaiangalia jigso yetu yenye jina la duka la ng'ambo. Jumatatu tarehe 2 Mei 1983 alikuja kwangu kuomba kile kibali, aionyeshe serikali kwamba ile ni mali ya kijiji na iliingia kihalali, nikamwambia nitakitafuta, akarudi kesho yake, nikamwambia bado, akarudi Jumatano asubuhi, nikamwambia kimeliwa na mchwa. Hakikuliwa na mchwa. Kilikuwa sandukuni mwangu, nacho kina sahihi yangu, na mimi niliona heri wakamatwe wote wenye jigso kuliko akamatwe mwenye sahihi, sikumfikiria kaka yangu, nilijifikiria mimi.

Siku hiyohiyo, Jumatano tarehe 4 Mei, saa sita mchana, watu wakiwa shamba la kijiji, marehemu aliifunga jigso na bledi zake kwenye gunia, akaenda kuificha katika shimo la zamani la dhahabu upande wa Nyamongo, ukingo ukabomoka naye akaanguka, akaonekana saa kumi na mama Esta na wenzake waliotoka kuchota maji. Alipelekwa hospitali ya Tarime akiwa ameumia mgongo, baadaye akashikwa na nimonia, na siku zote tisa aliwaambia madaktari kwamba alikuwa akitafuta mbuzi, ili mimi na kikundi tusiguswe, hadi alipofariki Ijumaa tarehe 13 Mei 1983, saa tatu asubuhi, nikiwa nimemshika mkono, kibali kikiwa bado sandukuni mwangu.

Tangu juzi nasikia humu msibani watu wakinong'ona kwamba Simioni alikuwa mchimbaji wa magendo, kwamba vinginevyo shimoni alifuata nini. Hakufuata dhahabu, na watoto wake wasije wakaitwa watoto wa mlanguzi. Ndugu mwenyekiti, kibali hiki hapa, tarehe yake inasomeka, nakukabidhi mbele ya watu wote, jigso ya kijiji bado imo shimoni, na nikihitajika nitapatikana nyumbani kwangu, ila naomba kwanza niachwe nimzike kaka yangu.

Ukoo unawashukuru madaktari na wauguzi wa hospitali, watu wa misheni waliotuazima gari, mama Esta na majirani, na mafundi wa kikundi waliotengeneza jeneza hili kwa misumeno ya mkono, pamoja na Mzee Maftah aliyelipiga randa mwenyewe kwa umri wake.

Kaka Simioni, ulikuja kwangu mara tatu, nami nimekuitikia leo ukiwa umelala. Pumzika kwa amani ya Bwana, usiogope tena, zamu ya kuogopa ni yangu.