Muumini Aliyebaki

Basi la Jumapili asubuhi mjini Detroit lilikuwa karibu tupu, kwa hiyo Vernell, aliyetoka zamu ya usiku hospitalini, alisikia kila neno. Kiti cha mbele, bibi mwenye kofia ya manyoya alikuwa akimwambia mwanamume asiyemjua kwamba anakwenda kuongoza ibada kanisani kwake.

"Mko wangapi huko?"

"Niko mimi. Dada Earline tulimzika Alhamisi."

Mwanamume akampa pole, kisha ulimi ukamwasha. "Sasa si ulifunge tu, mama?"

"Nikilifunga, halmashauri itasema si nyumba ya ibada tena. Msamaha wa kodi utaondoka, na kodi yenyewe siiwezi. Watalipiga mnada. Kwa hiyo nafungua, naimba, nasoma, naomba."

"Usinichukie, mama, lakini huo ni ujanja. Mtaani kwangu taa haziwaki, shule imefungwa, na kodi nalipa. Msamaha ni wa kanisa linalosaidia watu."

Vernell, ambaye naye hulipa, aliona mwanamume ana hoja, ila kaburi lilikuwa bado bichi.

"Wakati wa mgomo wa kiwandani tulilisha mtaa mzima," bibi alisema.

"Hiyo ilikuwa zamani."

"Ndiyo, baba. Zamani."

Basi likasimama. Bibi akashika nguzo, akainuka kwa shida, akamgeukia. "Wewe unaimba sauti gani?"

"Besi," akajibu kabla hajafikiri.

Bibi akaitikia kwa kichwa taratibu, akashuka. Dereva hakufunga mlango. Mwanamume alikuwa amesimama, akiitazama miguu yake kama vile ni ya mtu mwingine.