Vidole Kumi vya Raisa

Mgeni rasmi, Mama Ernestina, msimamizi wa mitihani. Direkta wetu Bwana Roger. Wazazi wenzetu mlioacha ndagala juani mkaja: amahoro, amani kwenu.

KARIBU
Sisi wazazi na mabibi wa darasa la viziwi la Rumonge tunakukaribisha. Kiti chako tumekiweka hapo makusudi, ili watoto wauone uso wako, na wewe uione mikono ya mwalimu Eliana anayewageuzia haya kwa lugha ya alama. Tumeamka tumechoka, na kitendawili hupunguza uchovu, basi tukutegee: nyumbani mwangu mna watu kumi, wanazungumza kutwa, hakuna hata mmoja mwenye mdomo. Ukikosa usihangaike, jibu liko mbele.

TULIKOTOKA
Zamani hapa kwetu mutoto asiyesikia hakupelekwa shule, alipelekwa mwaloni kuanika ndagala, dagaa hawa wa ziwani. Sheikha, yule mwenye kitenge cha kijani, ndiye mkubwa wetu sote. Yeye alipelekwa mbali, kwenye shule moja waliyosema itamfundisha kusema. Walimkalisha juu ya mikono yake. Akitoa mkono, fimbo. Baada ya miaka minne akarudi anajua kutamka "maji" na "ndiyo", basi. Mpaka leo akikaa na watu asiowajua, mikono huingia yenyewe chini ya mapaja. Mtazame, Mama. Hata sasa.

TULICHOPATA
Miaka tisa iliyopita alikuja Eliana. Yeye anasikia, lakini kaka yake hasikii, kwa hiyo alama alizianza tangu mgongoni kwa mama. Alianza na watoto sita kwenye baraza la stoo ya mawese. Leo wako ishirini na watatu, na sisi pia tunajifunza, vidole vyetu vigumu hivi hivi. Mama Hamidou alikaa miaka minane hajui kwa nini mwanawe huamka analia. Siku moja mutoto akamwambia kwa mikono: "Huwa naota umekufa." Mama akalia, akacheka, akamkumbatia. Hilo ndilo tulilopata. Murakoze, asante sana, Eliana.

SHIDA
Raisa ana miaka kumi na mitano. Mwaka jana aliingia konkuru, ule mtihani wa kupanda shule ya juu. Msimamizi wa chumba alisoma dikte, maneno ya watoto kuyaandika, akitembea nyuma yao, Raisa akaambulia kuona migongo ya wenzake tu. Akaiacha, akaenda kwenye hesabu. Mutoto anayesikia akiwaza, midomo humchezacheza. Raisa akiwaza, huchezacheza vidole. Msimamizi akamjia.

"Unampa nani majibu?"

Raisa akamtazama mdomo, akatabasamu. Alidhani anasalimiwa.

"Na unacheka!"

Karatasi ikachukuliwa. Eliana, aliyezuiwa mlangoni, akaita dirishani: "Bwana mkubwa, huyo anawaza tu!"

"Mwambie awaze ameshusha mikono."

Akapewa sufuri.

Wiki nzima Raisa alianika ndagala, mikono inageuza samaki tu, neno hakuna. Bibi yake akamuuliza kwa alama: "Umekasirika?" Akajipangusa magamba polepole, akajibu: "Nimekuwa Sheikha."

Tukaandika barua. Tukaambiwa tuje Jumatano. Jumatano tukaambiwa aliyeipokea yuko safarini. Tukaandika nyingine.

Kosa letu nasi tunalikiri. Mwaka juzi alikuja mgeni, tukamlisha kwanza, kama desturi yetu ilivyo. Aliposhiba tukaona haya kumlilia mtu mwenye wali wetu tumboni, tukasoma: "Hatuna shida kubwa." Akaandika hivyo hivyo, akaondoka. Ndiyo maana leo, Mama, unasikia harufu ya samaki wetu kuhe na bado hujaiona sahani. Utusamehe. Chakula kitakuja, ila risala itangulie.

OMBI
Ni moja. Konkuru iko Jumatatu, na kwa Raisa ni ya mwisho. Mara ya tatu kanuni haimpi. Barua iko mbele ya direkta. Inasema Eliana aingie, asimame mbele, ayageuze maneno ya msimamizi wa chumba kwa alama. Na mutoto asinyang'anywe karatasi kwa kuwaza na mikono yake. Inangoja saini yako.

Wale watu kumi wa kitendawili ni vidole vyake. Mwaka jana walinyamazishwa wote.

Jambo la mwisho. Watoto hawa humpa kila mtu jina la alama, kwa kile walichomwona akifanya. Eliana ni kupangusa chaki shavuni. Yule mgeni wa mwaka juzi ni kidole kinachogonga saa ya mkono, na mpaka leo wanamwita hivyo. Wewe bado hawajakupa. Wanautazama mkono wako.

Mungu akufikishe salama kwa watu wako, akupe usingizi ambao sisi tumeukosa.

Ni sisi,
Wazazi na Mabibi wa Darasa la Viziwi, Rumonge
Imesomwa na Bibi Mariyamu