Kamba ya Gumato

Abiria wa pantoni ya Garsen walikuwa wakivuta kamba kuvuka Tana. Dama, mbele ya wanaume wawili, akawasikia wakibishana.

“Mashine hiyo yako ya kufunga nyasi marobota ya mviringo imechoka, Mzee Boru,” alisema fundi Mwaringa. “Robota likitoka tu, nyasi zinafumuka. Tafuta nyingine.”

“Ndama wangu wale nini kiangazi? Ushauri wako?”

“Unafungia kamba gani?”

“Ya majani ya mkoma. Gumato, mke wangu, husuka mwenyewe.”

“Ina mafundo?”

“Kila hatua. Mafundo yake hayafunguki!”

Mwaringa akaacha kuvuta. Dama akavuta na sehemu ya fundi, aliyesema: “Basi yanakwama kwenye tundu la mashine, robota halifungwi. Kesho nakuja na kamba ya dukani, tujaribu kwanza.”

“Na Gumato, nani atamwambia?”

Pantoni ikagusa ukingo. Mwaringa akawa wa kwanza kushuka.