Hyasinta Bakili, Mkunga Aliyeandika Bei Mlangoni

Baba Paroko, viongozi wa jumuiya, ndugu, jamaa na majirani wa Gerezani na Msimbazi, familia ya Mzee Pantaleo Chilumba imetuomba tuwasomee safari ya mpendwa wetu, ambaye mwenyewe aliagiza asipambwe, yasemwe yote, hata yaliyomuuma.

Marehemu Hyasinta Bakili alizaliwa tarehe 14 Agosti 1958 katika kijiji kilicho jirani na Ndanda, wilaya ya Masasi, akiwa mtoto wa nne kati ya saba. Alisoma shule ya msingi kuanzia 1966 hadi 1972, sekondari hadi 1976, kisha akajiunga na chuo cha uuguzi na ukunga, akahitimu Desemba 1980.

Januari 1981 alipangiwa kazi katika wodi ya wazazi ya hospitali moja ya serikali hapa Dar es Salaam, na tarehe 9 Julai 1983 akafunga ndoa na Pantaleo, fundi wa mabehewa katika karakana ya reli, wakapanga vyumba viwili mtaani Gerezani, Mungu akawajalia Angelina mwaka 1984, Bakili 1987 na Severa 1990.

Wodini humo wazazi walilala wawili wawili kitanda kimoja, glovu ziliisha kabla ya wiki kwisha, na baadhi ya ndugu walitoa chochote kimyakimya ili mgonjwa wao aonwe mapema, jambo lililomchosha marehemu kuliko kazi yenyewe. Kwa hiyo sheria iliporuhusu tena huduma binafsi mwaka 1991, alianza kuwaza, na Septemba 1993 akaacha ajira, akafungua nyumba ya uzazi ya vitanda vinne nyuma ya gereji za Gerezani, akatundika mlangoni ubao wenye bei ya kila huduma kwa herufi kubwa, ili mama ajue kabla ya kuingia, na asiporidhika aende kwingine.

Mumewe hakukubaliana naye, na Mzee Pantaleo, aliyekaa hapa mbele, ameruhusu hili lisemwe.

"Mama Angelina, mzazi si mteja wa spea," alimwambia.

"Na foleni je, Baba Angelina? Foleni nayo ni malipo, ila haijaandikwa ukutani."

Walibishana hivyo kwa miaka, wakila sahani moja.

Asubuhi ya tarehe 3 Novemba 1997, Bi. Tatu, mama lishe wa Msimbazi, alifika mlangoni akiwa na uchungu, akausoma ule ubao, akageuka bila kupiga hodi, akaanza kwenda hospitali kwa miguu, akajifungulia kando ya barabara, na mtoto hakuishi. Hyasinta alikuwa ndani, na kitanda kimoja kilikuwa kitupu. Aliposikia habari hizo mchana alimfuata Tatu wodini, akapiga magoti kando ya kitanda chake.

"Sikulaumu, sista," Tatu alimwambia. "Nilisoma, nikajua hapa si pangu."

Hyasinta alirudi nyumbani akamsimulia mumewe, akisubiri kuambiwa kwamba alionywa, lakini Pantaleo alikwenda jikoni akamkorogea uji.

Marehemu alifunga nyumba ya uzazi siku tisa. Alipofungua, wengi walidhani ubao utaondolewa, naye akauacha, akisema bei iliyofichwa haimsaidii maskini, ila juu yake akaandika: Ingia kwanza, tutaongea. Kisha akapita gereji moja baada ya nyingine, akawashawishi mafundi waanzishe mfuko wao wa matibabu, wachange kila wiki, wachague wenyewe pa kutibiwa wao na wake zao, na sehemu ya michango iwahudumie wasio na kitu. Mwaka 2004 mafundi hao hao walimhama, wakaenda kwenye zahanati iliyokuwa na mashine ya kumwona mtoto tumboni. Marehemu alilia siku moja, siku ya pili akaenda kuulizia bei ya mashine hiyo, na mwaka uliofuata, alipoipata, wakarudi.

Hakuwahi kudai kwamba amepata jibu la kila kitu. Bi. Tatu alipojaliwa mtoto mwingine mwaka 2000, alikwenda hospitali ya serikali, hakwenda kwa Hyasinta, na marehemu alimpelekea supu ya kuku huko huko. Wale ambao mfuko haukuwatosha aliwasindikiza hospitali mwenyewe, akakaa nao foleni mpaka waitwe.

Februari 2023 figo zake zilianza kushindwa kazi, na kwa kuwa nyumba yake ya uzazi haikuwa na mashine za kusafisha damu, akawa anapelekwa hospitali ya serikali mara tatu kwa wiki.

"Baba Angelina, hapa wananitunza vizuri," alikiri siku moja, mumewe akiwa pembeni.

"Na wajukuu zetu wote wamezaliwa kwako, salama," Mzee alimjibu.

Walicheka mpaka muuguzi akaja kuangalia kuna nini, na ule ubishi wao wa miaka thelathini wakauacha hapo, bila mshindi. Marehemu alifariki dunia tarehe 6 Oktoba 2024, saa nane mchana, mkono wake ukiwa mkononi mwa mumewe. Ameacha mume, watoto watatu na wajukuu watano.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia kwa mwaka mmoja na miezi minane, wakunga wenzake ambao hata leo hawakufunga mlango kwa kuwa kuna wazazi wawili ndani, mafundi wa Gerezani waliosimamisha kazi ili wabebe jeneza, wanajumuiya, na majirani waliopika na kukesha nasi, na kwa kuwa hatuwezi kumtaja kila mmoja, tunaomba mpokee asante hii kwa pamoja.

Sista Hyasinta, zamu yako umeimaliza, wenzako wameipokea. Pumzika kwa amani.