Dada Yetu Aliyewaomba Panya Radhi

Marehemu dada yetu alizaliwa tarehe 9 Mei 1957, mtoto wa kwanza wa mpiga chapa na mshona nguo, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya stesheni ya reli. Mimi ninayesoma wasifu huu ni mdogo wake wa mwisho, na kwa kuwa hawezi tena kunikatiza, leo nitamaliza sentensi zangu.

Alisoma shule ya msingi ya jirani, kisha sekondari ya bweni, ambako aliadhibiwa kwa kufuga panya kwenye sanduku la nguo. Dada akiwa kidato cha nne, baba yetu, aliyekuwa na kisukari, alianza kukaa kimya, akaacha kazi, mwisho akaacha na sindano zake. Alipofariki, watu walisema sukari imemuua. Dada hakukubali. "Baba alikata tamaa kwanza," alimwambia mama. "Mbona hilo hakuna aliyelitibu?" Swali hilo ndilo lililompeleka chuo kikuu mwaka 1977 kusomea elimu ya wanyama, mpaka shahada ya uzamivu.

Kuanzia 1986 hadi 2017 alifanya kazi katika maabara ya utafiti, kwenye chumba kirefu kisicho na dirisha, chenye harufu ya maranda. Alitaka kupata panya mwenye kisukari na sonona, ule ugonjwa wa kukata tamaa, kwa pamoja, kama baba, ili matibabu yajaribiwe hapo kabla ya kumfikia binadamu. Panya walidungwa dawa ya kupunguza insulini mwilini, kisha kila asubuhi walisumbuliwa kidogo kidogo: maranda wanayolalia yanaloweshwa, kizimba kinainamishwa. Baadaye waliwekewa chupa mbili, moja ya maji matupu, nyingine ya maji matamu. Panya mwenye moyo mkunjufu huikimbilia tamu. Aliyepoteza furaha haoni tofauti.

Panya wa dada waligoma kuhuzunika. Sukari ilikuwa juu, lakini chupa tamu waliing'ang'ania. Wenzake walikuna vichwa, hadi fundi wa majokofu aliyeitwa kutengeneza friji la dawa alipomkuta dada ameinamia kizimba alichokilowesha mwenyewe, anamkuna panya tumbo. "Nisamehe, mwanangu," alikuwa akisema. "Ni kazi tu." Kumbe anawasumbua kwa ratiba na kuwabembeleza kwa siri! Jaribio zima likarudiwa, naye akapigwa marufuku kukanyaga chumba kile asubuhi. Lakini kosa lake hakulitupa. Alilifanya jaribio jipya, akaonyesha kwamba panya waliobembelezwa walirudia chupa tamu mapema kuliko wenzao. Jina la Mama Panya likamganda tangu hapo.

Fundi yule aliendelea kuja kukagua friji lililokuwa zima kabisa. Walifunga ndoa tarehe 18 Agosti 1990, wakajaliwa binti na mwana. Shemeji hulalamika hadi leo kwamba panya waliombwa radhi kila asubuhi, yeye hata mara moja.

Mwaka 2018 marehemu mwenyewe aligunduliwa kuwa na kisukari. Miaka miwili baadaye alinyamaza. Redio ikazimwa, mapazia hayafunguliwi, sindano zikaanza kurukwa. Tuliogopa sana, maana tulishaishi katika nyumba ya namna hiyo. Kliniki, daktari akimuuliza, "Habari yako, mama?" anajibu, "Nzuri tu." Siku moja alijibu hivyo huku machozi yanamtoka, na shemeji akashindwa kuvumilia.

"Mama Panya, panya wako hawakukudanganya hata siku moja. Wewe mbona unamdanganya daktari?"

Dada akainamisha kichwa. Kisha akasema, "Si nzuri, daktari. Si nzuri hata kidogo."

Akatibiwa yote mawili kwa pamoja, kama alivyodai maisha yake yote watu watibiwe. Haikupita muda tukamsikia anabishana na redio. Miaka iliyofuata ilijaa vicheko. Alijifunza hata kuogelea, vibaya mno. Figo zilipochoka, alifariki mchana wa tarehe 11 Februari 2025, mikononi mwa binti yake, muda mfupi baada ya kumcheka shemeji kwa kuvaa shati nje ndani.

Ameacha mume, binti, mwana, wajukuu watatu na sisi wadogo zake wawili. Ameacha pia agizo: kati yenu mtakaomzika, anayeulizwa habari asijibu "nzuri" kwa mazoea.

Dada, umetutunza vya kutosha, sasa pumzika. Na wewe shemeji, tukitoka hapa nitakuja kukuuliza habari yako. Nitakaa nisubiri jibu la kweli.