Mama Maji Anatoka Dirishani

Baada ya miaka thelathini na mmoja katika famasia za hospitali za Migori na Homa Bay, Bi. Bathsheba Mogire anastaafu tarehe 30 Juni. Nimeambiwa niandike kwa furaha. Nitajaribu.

Alianzia Migori, akahamia kwetu Homa Bay alipoolewa na mwalimu Monari. Alikuwa mwepesi wa kucheka na mkali kuhusu kalamu yake. Aliyeiazima bila kuirudisha alitangazwa hadi wodini.

Kisha Monari akapata kiharusi, kumeza kukawa kwa shida. Choo kilipokuwa kigumu, jirani mwema akamletea unga wa nyuzinyuzi wa kulainisha choo. Monari akaulamba mkavu, kama tunavyolamba glukosi hapa kwetu. Unga huo ukikosa maji ya kutosha huvimba njiani. Ulimkwama kooni akakosa pumzi, mkewe akiwa kazini. Tulimzika Kendu Bay na mvua ikinyesha.

Tangu arudi kazini baada ya mazishi, hakumpa tena mtu pakiti ya unga ule kimya kimya. Dirishani aliuliza na kuonya: Unameza vizuri? Tumbo linauma, unatapika? Basi usiiguse, mwone daktari kwanza. Una dawa za moyo, za tezi, za sukari? Usizimeze pamoja na unga kwenye kikombe kimoja cha uji, maana unga huo unaweza kuzizuia zisiingie mwilini vizuri. Ziachanishe kwa saa kadhaa. Mwenye kisukari ajipime, kwa kuwa unga unaweza kuishusha sukari. Na maji, glasi nzima, kila mara.

Foleni ikarefuka. Leonida, muuza samaki, alimfokea siku moja: "Mama, si unipatie tu hiyo dawa niende, gari ya kwenda Rodi inaniacha!" Akaulizwa swali lingine. Kumbe chakula kilikuwa kinamkwama kooni tangu Pasaka. Alipelekwa kwa daktari bila pakiti, na ndiye aliyemwita Mama Maji.

Mrithi hajaletwa. Dolphine, mwenzetu wa famasia, atashika dirisha la dawa asubuhi, mchana litafungwa. Bi. Bathsheba amekataa zawadi, anaomba tu tuendelee kuuliza. Tutauliza, ingawa sisi ni wachache na kusema kweli naogopa.

Asante, Mama. Hatutajua ni wangapi waliofika kwao salama kwa sababu uliwachelewesha. Wewe unamhesabu mmoja tu, yule ambaye hukumuwahi. Pumzika vyema, na Mungu akusaidie usijiulize tena kwa nini hukuwa nyumbani siku ile.